Mutu moja chini ya balbu moja: Hopper alifanyaka aje ile mwangaza?

kivuli_cha_Birere (Goma)

Salamu bandugu na badada. Mi ni mupentre hapa Goma, sikusoma akademi, nilijifunza kwa yaya mumoja mwenye alikuwa anachoraka maplaki ya masaluni na mabutiki, yeye njo alinionesha kushika pinso. Nafanyaka tablo zile batu bananunua, chukudu na mizigo, bamama ba soko, mitumbwi pa ziwa, Nyiragongo inatema moto usiku. Hizo hazinisumbue, mukono unazijua wenyewe.

Sasa miezi kama mbili nyuma rafiki alinitumia kwa WhatsApp foto ya tablo ya Mumarekani mumoja, Edward Hopper, inaitwa Nighthawks, ya mwaka 1942. Ni kamgahawa pa kona ya barabara usiku, mbele yote ni kioo, ndani muko batu bane, bwana na bibi bamekaa pamoja, mwengine ametupa mugongo, na kijana wa nguo nyeupe ameinama nyuma ya meza. Inje hakuna mutu hata mumoja. Ile usiku sikulala, niliivuta karibu karibu kwa vidole paka simu ikazimika.

Nikasema na mi nitafanya yangu. Karibu na kwetu kuko kioski ya mbao, ya papa mumoja anauzishaka sukari, sabuni, mishumaa, unite, na juu ya kichwa yake balbu moja ya solere. Kuranti ikikatika kartie yote inakuwa giza, na munajua hii lava nyeusi ya chini inameza hata ile mwangaza kidogo inabakia, basi yeye anabakia mule kama ako ndani ya sanduku ya mwangaza. Nilipiga ile tablo wiki tatu, juu ya kitambaa ya amerikani, santimetre 80 kwa 60, papa peke yake katikati, mikono juu ya meza.

Kila mutu mwenye anaiona anauliza paka swali moja: nani alikufa? Mama yangu alisema namuletea papa wa batu bahati mubaya. Kliyanti mumoja alitaka kuinunua, akasema lakini niongeze mama anayenunua chumvi na mutoto kwa mugongo, njo tablo ipone. Ile neno "ipone" iliniuma sana, kwani inagonjwa nini?

Kwa hiyo nauliza. Hopper alifanyaka aje mwangaza ikuwe nyingi vile na batu babakie kila mutu na yake? Na ile kitu iko mule ndani tuiite nani kwa Kiswahili, upweke, ukiwa, ao kimya tu? Juu kama sijue jina yake siwezi jua kama tablo yangu iko nayo.

fundi_solere (Goma)

Ndugu, mi si mupentre, mi naweka panno na batri kwa manyumba, lakini mambo ya mwangaza njo mukate yangu. Ile balbu ya kioski nakuambia bila kuiona ni LED ya 6500K, ile namba inaandikwaka kwa karto, ni nyeupe yenye inaenda upande wa bluu. Ile ya 3000K ni ya njano kama moto, na batu hawaitake, banasema inawaka kama imechoka. Sasa ile nyeupe inapiga kila kitu sawasawa, mukebe ya maziwa, kucha ya kidole, vumbi kwa shelfu, haifiche kitu na haichague. Taa ya petroli yenye tulikuwa nayo tukiwa batoto ilikuwa na kaduara kake, na bote tulisogea ndani ya ile duara ili tuone daftari, kwa hiyo mwangaza yenyewe ilikuwa inatukusanya. LED haikusanye mutu, unaweza kaa mbali na ukaona.

Nilienda kuitafuta hii Nighthawks yako. Ile mwangaza ni ya zile tubu za fluoresenti, zenye sisi tunaitaka neoni, na kule Marekani zilianza kuuzwa 1938, kwa hiyo 1942 ilikuwa bado kitu mupya, batu balikuwa hawajazoea kuonana usiku na sura nyeupe vile. Naona njo sawa na sisi miaka hii. Usitie njano kwa tablo yako, utaikosea.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, nimefundisha kuchora shule ya sekondari miaka mingi hapa Lubumbashi, sasa nimestaafu, na swali lako nimelisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Rudi kwa Nighthawks na utafute mulango. Utazunguka kioo chote na hutaona pa kuingilia toka barabarani, kuko tu mulango mumoja ndani kule nyuma, wa rangi ya chungwa, unaonekana wa kwenda jikoni. Na kioo chenyewe pale pa kona kinapinda bila mushono, kama hewa imekuwa ngumu. Mwangaza unatoka inje, unamwagika juu ya barabara na juu ya maduka ya ng'ambo, una ukijani fulani, unakufikia hadi miguuni, lakini wewe huwezi kuingia. Sasa niambie nani yuko peke yake. Bwana na bibi wako pamoja, mikono yao karibu iguse, kijana anawahudumia, hata yule wa mugongo amekaa hatua chache toka kwa wenzake, wote wako mahali pamoja penye joto. Mwenye kuwa peke yake ni yule amesimama gizani upande wa pili wa barabara anawaangalia, na huyo ni wewe. Hopper amekuchagulia mahali pa kusimama, mengine yanafuata yenyewe.

Wewe umesimama wapi mbele ya kioski? Ulivyoeleza, umesimama pale pale kama mutu amekuja kununua sabuni, papa anakutazama, kichwa katikati, mikono imetulia mezani, taa juu. Mwanangu, hiyo ni foto ya matanga. Ndiyo ile tunaweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, maua pembeni, watu wanapita kutoa pole. Jirani zako hawana kosa lolote, macho yao yameona picha iliyopangwa hivyo mara nyingi na kila mara kulikuwa na maiti ndani ya nyumba. Vuka barabara. Simama mahali ambapo papa hajui kama unamuona, hapo atarudia kazi yake na hatakuwa marehemu tena.

Na yule kliyanti usimukasirikie, anatoka mahali tunatoka sisi wote. Hapa kwetu mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua ile atelie ya kuchora iliyoitwa Hangar, wakatoka mule Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela aliyekuwa anapiga rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake ile ya kukatana. Angalia kazi zao, tafuta sehemu tupu ya kuweka hata kidole, hutaipata. Kisha miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu akachora historia ya inchi yote juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, askari, umati, minara ya kampuni inatoa moshi, na maandishi ndani ya picha ili usipotee. Tablo kwetu inatundikwa sebuleni, mugeni akikaa, baba wa nyumba anaanza: unaona huyu, hapa ndipo walipomukamata. Sasa tablo yenye mutu mumoja na kimya, baba wa nyumba ataanzia wapi? Kliyanti wako anatafuta pa kuanzia habari, ndiyo maana anaomba mama wa chumvi.

Lakini usimuongeze. Hopper mwaka 1930 alichora Early Sunday Morning, mustari wa maduka yamefungwa asubuhi, juu yake vyumba vya kupanga vyenye mapazia, jua limelala kwenye matofali mekundu. Alikuwa ameweka mutu kwa dirisha moja ya juu, kisha akamufunika na rangi. Leo hakuna mutu kabisa, kuko bomba fupi la zimamoto na nguzo ya kinyozi, vivuli vyao vinajinyosha virefu kando ya barabara, na mimi nimeiangalia miaka na sijawahi kusikia kwamba inakosa kitu.

Kuhusu jina. Ukiwa mimi ninauacha, ukiwa ni nyumba ambayo watu walikuwamo na wametoka, ni kitu cha kufiwa na cha vita, na ninyi wa Goma hamuhitaji mutu wa kuwafundisha neno hilo. Upweke ni karibu zaidi. Hopper mwenyewe aliwahi kusema mambo hayo ya upweke watu wameyazidisha, na siku ingine akakubali kwamba pengine bila kujua alikuwa anachora upweke wa muji mukubwa, kwa hiyo hata yeye hakuwa na jibu moja. Mimi wanafunzi wangu niliwaambia neno lingine, kujikalia. Unapita, unamuona muzee chini ya muembe, unauliza yule anafanya nini, wanakuambia amejikalia. Hana huzuni ya kuonesha, hangoji mutu, hajafukuzwa na mutu. Mwanamuke wa tablo Morning Sun, ya 1952, ameketi juu ya kitanda anatazama dirisha, nyuma yake jua limekata mustatili juu ya ukuta. Nikimuona huyo sisemi mupweke, nasema amejikalia.

Mama_Akriliki (Bukavu)

Papa Mwalimu nashukuru, na hiyo ya foto ya matanga imenifungua macho, ila hapo pa kujikalia nina neno la kuongeza kwa sababu naona tunamusahau mutu mumoja.

Yule mwanamuke wa Morning Sun ni Jo. Josephine Nivison, mke wake Hopper, mupentre na yeye. Wanawake karibu wote munaowaona peke yao ndani ya tablo zake, kwenye treni, kwenye hoteli, kwenye sinema, ni yeye amesimama mbele ya mume wake, wakati wa Morning Sun alikuwa anakaribia miaka 70 na Hopper akamupunguzia umri. Na ni yeye alimufungulia njia. Hopper aliuza tablo ya mafuta mwaka 1913, dola 250, kisha miaka kumi hakuuza ingine, alikuwa anaishi kwa kuchorea magazeti ya biashara, kazi aliyoichukia. Mwaka 1923 makumbusho ya Brooklyn ilimualika Jo kwa maonyesho ya rangi za maji, yeye ndiye aliwaambia muangalie na za huyu, wakatundika sita zake, wakanunua moja dola 100, The Mansard Roof. Mwaka uliofuata wakaoana. Toka hapo mume akapanda na yeye akabaki nyuma, na kazi zake nyingi leo hazijulikani ziko wapi. Mimi nafundisha wasichana kuchora hapa Bukavu, ndiyo maana siwezi kupita juu ya hili haraka.

Jo alikuwa na daftari za hesabu, kila tablo ikitoka Hopper anachora ndani yake kakielelezo, Jo anaandika: rangi gani, nani amenunua, bei. Ya Nighthawks ipo. Ameandika meza ya mbao ya mucheri, mustari wa vigae vya kijani vinavyong'aa, kijana muzuri wa koti jeupe, binti wa blauzi nyekundu anakula, na yule bwana kando yake shati ya bluu, halafu akaongeza neno moja: safi. Shati ya bluu, safi. Mutu ambaye anaandika kwamba shati ni safi anawaangalia hawa kama mama anayeangalia watoto kabla hawajatoka. Kwa hiyo ndani ya hicho chumba cha kuchorea kulikuwa na watu wawili, waligombana sana, lakini walikuwa wawili.

Sasa mutafute Automat ya 1927. Automat ilikuwa mgahawa bila muhudumu, unatia senti, unafungua kadirisha ka kioo, unachukua chakula mwenyewe. Mwanamuke ameketi na kikombe cha kahawa, kofia, koti yenye manyoya shingoni, na amevua kinga moja ya mukono, ingine bado amevaa. Nyuma yake dirisha kubwa jeusi, ndani yake kunaonekana mistari miwili ya taa za ndani zinarudi nyuma, nyuma, hadi zinapotea, na hakuna kingine kwenye kioo, si gari, si mutu, si hata mugongo wake yeye. Papa Mwalimu, huyu hakujikalia. Mwenye kujikalia anavua kinga zote mbili. Huyu hajaamua kama anabaki ao anaondoka, na mimi huwa nabaki pale pale kwa ule mukono.

Kwako mupentre wa Goma, mambo ya mikono: usitumie nyeusi ya chupa kwa ile lava. Changanya bluu nzito na kahawia ya kuungua, utapata giza lenye uhai, na pembeni ya mwangaza uliongezee kijani kidogo. Hopper kivuli chake kina rangi siku zote, zambarau, kijani, bluu. Na nyeupe kamili iweke mahali pamoja tu. Ukiiweka kwa balbu, kwa shati, kwa mukebe na kwa meno, umepoteza. Chagua moja.

kivuli_cha_Birere (Goma)

Papa Mwalimu, Mama, fundi, aksanti sana, nimeandika yote kwa karatasi na nimeibandika kwa ukuta. Ile ya foto ya matanga nilimusomea mama yangu, akanyamaza, kisha akasema njo ile, njo ile nilikuwa naona.

Niko na swali ingine. Nilitaka kujaribu ile mustatili ya jua kwa ukuta, kama ya Morning Sun. Nilikaa muchana yote ndani ya chumba yetu, dirisha wazi, jua kali inje, na kwa ukuta hakuna kitu. Mwangaza iko paka kidogo pa muguu wa dirisha. Kwani jua ya Marekani si njo hii yetu?

fundi_solere (Goma)

Jua ni moja lakini haikuje kwa njia moja, hii najibu mi. Goma tuko karibu na ekwata, hatufikie digri 2 kusini, kwa hiyo saa sita ya muchana jua iko juu ya kichwa, inapiga mabati, haina njia ya kuingia dirishani na mabati yenyewe yanatoka inje yanaikatia. Njo maana panno hapa naziweka karibu zilale, natega kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. New York iko digri 40 na kitu kaskazini, mwezi wa kumi na mbili saa sita ya muchana jua yao haipande hata digri 30, inakuja ya kulala, inaingia dirishani na inatembea paka ukuta wa nyuma, na inakaa vile saa mingi. Hopper alikuwa nayo karibu siku yote. Wewe uko nayo mara mbili tu kwa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi paka saa mbili, na saa kumi ya jioni paka jua ishuke, na inashuka haraka. Papa Mwalimu kule Lubumbashi mwezi wa sita jua inapita upande wa kaskazini, yeye anaweza pata hata muchana kama dirisha inaangalia kule.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Fundi amesema kweli, na hakuna kitabu changu hata kimoja kilichonieleza hivyo. Mwezi wa sita na wa saba hapa, wakati wa baridi na vumbi, jua linaingia darasani na kulala juu ya madawati, wanafunzi walikuwa wanapigania dawati la mwangaza ili wapate joto. Nilidhani ni mambo ya baridi tu.

Na kwa Mama wa Bukavu: kinga ya mukono mumoja nimeirudia leo asubuhi. Una haki, pale neno langu halitoshi. Niliangalia hata ile ya mwisho mwisho, Sun in an Empty Room ya 1963, Hopper ana miaka 81, chumba kitupu, jua juu ya kuta mbili, dirisha, miti inje, basi. Hakuna kiti, hakuna Jo. Alikuwa amesema alichotaka ni kuchora jua kwenye ubavu wa nyumba, na nadhani kufika hapo alikuwa amebakiza hilo tu. Sijui nikiite nini chumba hicho. Nakiangalia muda murefu na sihisi kuachwa.

zamu_ya_usiku (Bukavu)

Samahani naingia, mi ni kine, nasaidia wagonjwa kutembea tena, na mambo ya rangi siyajue. Lakini munaongea Wamarekani na mutu mumoja peke yake na hakuna mwenye ametaja ile ya msichana wa nguo ya waridi ndani ya majani makavu, Christina's World, ya Andrew Wyeth, 1948. Nilikuwa na foto yake kwa simu miaka mingi bila kujua ni nani. Watu wanaiona wanasema ni msichana amepumzika kwa shamba. Mi siku ya kwanza niliangalia mikono, ile miembamba, namna amejishikilia chini, nikasema huyu hatembei.

Ni kweli hakuwa anatembea. Ni Anna Christina Olson wa Cushing, kule Maine, alikuwa na miaka 55 na Wyeth alimuona toka dirishani anajivuta kwa mikono ndani ya shamba. Kiti cha magurudumu hakukitaka, alienda alikotaka kwa mikono yake. Kwa mwili Wyeth alitumia mke wake Betsy akae mahali pake, lakini mikono ni ya Christina. Na alichora kwa rangi ya kiini cha yai, kajani kamoja kamoja, nyumba iko juu kule mbali, anga kavu, mwangaza hauna upande. Uso wake hatuuone.

Hapa nina wagonjwa wa namna hiyo, wengine toka utoto. Ndugu zao wakiingia chumbani wanasema masikini, na mugonjwa anageuza kichwa. Yule wa tablo hakuna mwenye anaweza mwambia masikini kwa sababu ametupa mugongo na anaangalia anakoenda. Kama papa wa kioski ungemugeuza kidogo, mi nafikiri hata ile swali ya nani alikufa ingekwisha.

kivuli_cha_Birere (Goma)

Bandugu, narudi baada ya siku kumi na moja.

Nilivuka barabara. Siku hizi usiku hatutembee sana, kwa hiyo niliomba jirani wa ng'ambo anikubalishe nikae kwa mulango yake, toka saa moja paka saa tatu kasoro, usiku tatu. Toka pale papa haonekane mukubwa, anabakia kama kidole mbele ya macho, na kioski yote inaweza ingia ndani ya tablo pamoja na giza kushoto na kuume. Nilikuwa sijaona kamwe kwamba ile mwangaza inatoka chini ya meza pia, katikati ya mbao mbili zenye hazifungane, inachora mustari juu ya lava, na juu ya lava ule mustari unavunjika vunjika juu ya mawe. Nimekaa karibu na ile kioski toka niko mutoto.

Usiku wa pili anga upande wa Nyiragongo ilikuwa nyekundu kidogo. Niliwaza niiweke, batu ba hapa banaipenda, ingeuza tablo. Niliiweka, nikaifuta. Nyeupe kamili nimeiacha mahali pamoja, Mama, haiko kwa balbu, iko kwa karatasi yenye papa anaandikaka madeni. Na yeye nimemugeuza ubavu, anaangalia chini.

Jana nilimupelekea aone, nilikuwa na woga kidogo juu ya yale maneno ya bahati mubaya. Aliishika kwa mikono mbili, akaipeleka mbali na macho, akairudisha. Hakuuliza kwa nini ako peke yake. Alisema: "Hii ni saa mbili na nusu. Hapo nimeshahesabu, bado sijafunga." Kisha akaweka kidole karibu na ule mustari wa chini ya meza, bila kugusa, juu rangi ilikuwa haijakauka, akasema ile mbao ataitengeneza. Nilimuomba angojee paka nimalize.

Nabakia na mulango wa jirani, ile pembe ya kuume, haikubali. Kivuli yake naipiga bluu inakuwa kama ukuta, naipiga kahawia inakuwa kama udongo. Mama, ile kijani uliniambia niiweke ndani ya kivuli yote ao pembeni tu?

Mama_Akriliki (Bukavu)

Pembeni tu, pale mwangaza unapokata. Ndani acha bluu, lakini iongezee maji kidogo ili amerikani ionekane chini yake. Tuma foto muchana, si usiku, na usiweke flashi.